Mhazili na Kisanduku cha Saa

Wanaosema Mhazili alikuwa na kiburi wana haki ya kusema, maana alikuwa nacho. Sikatai. Ninachokataa ni lile neno wanalolifuatisha, kwamba ndicho kilichomponza. Nikilisikia hilo huwa naweka kikombe chini. Mhazili aliponzwa na watu, wana majina na vyeo, na mmoja wao mpaka leo anakaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi pale kituoni kwetu na kusalimiwa shikamoo na watu waliomzidi umri.

Namwita Mhazili kwa sababu hakutaka kuitwa vingine. Ukimwita dada, anaendelea kuchapa kana kwamba hakuna mtu. Ukimwita mama, anakuuliza amekuzaa lini. Alisomea uhazili, akafanya mtihani wa uhazili, akafaulu, basi jina la kazi yake analo na halihitaji kupambwa. Nilifanya naye kazi miaka mingi nikiwa mkunga katika kituo chetu cha afya, na miaka yote hiyo aliniita Msambaa, ingawa nimezaliwa hapa hapa Tanga, baba yangu akikata mkonge. "Msambaa, funga mlango, baridi ya kwenu isiniingilie." Nami nilimjibu kwamba watu wa pwani wakipigwa na upepo wa jioni wanalilia sweta kama watoto. Huo ndio ulikuwa ukarimu wake. Watu aliowachukia aliwaita kwa vyeo vyao kamili.

Chumba chake kilikuwa kati ya mapokezi na stoo ya dawa, na ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo alisikia kila kitu. Kila alipotoka, hata kwenda msalani, alikivisha kibodi kofia ya plastiki ya kuogea, yenye maua mekundu. Daktari mmoja aliwahi kuivua ili achape barua yake ya ruhusa. Mhazili akarudi, akamkuta.  Alichukua kitambaa, akaanza kupangusa herufi moja baada ya nyingine, polepole, mkono wake ukipita katikati ya vidole vya daktari, mpaka mtu mzima akainuka akaondoka bila barua. Nilicheka siku nzima. Lakini nikuambie pia kwamba daktari yule alikuwa na msiba, na Mhazili alijua, na bado hakumpisha. Alimchapia barua kesho yake bila kuombwa, nzuri kabisa, na hakumwomba radhi.

Fomu zote za kituo zilikuwa za mkono wake. Ya mapokezi, ya kliniki ya wajawazito, ya rufaa, ya wodi ya wazazi. Wengine wanadhani kutengeneza fomu kwenye kompyuta ni kupiga mistari na kuacha nafasi. Yeye alikaa na nafasi moja ya kujaza kwa juma zima, akiipanua, akiibana, akiihamisha juu ya swali badala ya pembeni yake. Akimaliza, hakuileta kwetu wauguzi. Aliichapisha, akatoka nayo getini. Aliwapa waendesha bodaboda wanaosubiri abiria. Alimpa mama muuza vitumbua. Na zaidi ya wote alimtafuta mtu mwenye haraka, aliyekuja mbio kuulizia mgonjwa wake, akamzuia njiani na kumwambia, "Nijazie hii kwanza." Walimtukana. Alirudi ofisini na matusi yake na karatasi yake, akatazama walipokosea.

Nilimwuliza siku moja kwa nini anawasumbua watu wenye shida zao. Akasema, "Mtu aliyetulia hujaza hata fomu mbaya. Mimi namtafuta aliyechanganyikiwa, ndiye atakayeijaza."

Sasa nije kwenye saa.

Zamani fomu yetu ya wazazi ilikuwa na mstari mmoja tu, "Saa", kisha vidoti. Mama anafika, anaulizwa chupa imepasuka saa ngapi, anasema saa mbili, muuguzi anaandika saa mbili. Aliyepokea anajua ni ya asubuhi au ya usiku kwa sababu amemwona mama. Anayekuja zamu ya pili anaiona karatasi tu. Hapo tulikuwa tunamwendea mama mwenyewe na kumwuliza upya, naye yumo katika uchungu, na wewe unamsumbua na habari za saa. Mhazili alikuwa akiyasikia haya kupitia ukutani.

Akaniita. "Msambaa, chupa ya mzazi ikipasuka, anakumbuka nini kwanza?"

Nikasema, "Saa."

"Wapi! Anakumbuka giza. Anakumbuka kama taa ilikuwa inawaka, kama watu wamelala, kama adhana imeshapita. Saa anaitafuta baadaye."

"Na sisi tusio na adhana?"

"Hata nyie mnaisikia. Si kila siku mnalalamika kwamba inawaamsha?"

Basi akaitengeneza nafasi ya saa kwa namna ambayo sijaiona popote tena. Kwanza kulikuwa na kisanduku cha wakati. Ukikibonyeza yanashuka maneno, unachagua moja: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Pembeni yake kisanduku cha saa, moja mpaka kumi na mbili, kama tunavyohesabu sote tangu kuzaliwa. Kisha kisanduku cha tatu chenye maneno manne tu: kamili, na robo, na nusu, kasorobo. Daktari akaja juu, akataka dakika. Mhazili akamwuliza kama amewahi kukutana na mama anayejua chupa yake imepasuka dakika ya kumi na saba. "Ukimpa mtu visanduku vinne," akamwambia, "atajaza vinne hata kama anajua viwili. Utakuwa unamfundisha kusema uongo kwa adabu."

Ikabaki shida ya usiku. Hapa kwetu, usiku una wenyewe. Mzee mmoja wa ukoo wa Kiarabu, mfanyabiashara, alimleta mkewe na kusema amekuwa akiumwa tangu usiku wa Ijumaa. Muuguzi aliyekuwa zamu, binti wa Kilutheri kutoka milimani, akaandika Ijumaa usiku. Mzee alimaanisha usiku ule unaoanza Alhamisi magharibi, maana kwake siku huanza jua likizama. Wakabishana mbele ya mgonjwa, kila mmoja na haki yake, mzee akisema "Hasha, binti, wallahi si hivyo," na binti akimwonyesha kalenda ya ukutani. Kesho yake asubuhi fomu ilikuwa na maneno mapya, "usiku wa kuamkia", na mbele yake siku za juma za kuchagua. Sikuamini kwamba ugomvi mkubwa vile unaweza kumalizwa na maneno matatu. Mhazili akasema ni kwa kuwa sote, hata tukigombana tumelala lini, tunaamka siku moja.

Usidhani basi kwamba alikuwa mtetezi wa wanyonge anayetembea na tabasamu. Huyo mama muuza vitumbua aliyemjazia fomu, Mhazili hakuwahi kununua kitumbua chake hata kimoja. Alisema vina mafuta. Wauguzi tuliomba nafasi ya kuandika maelezo yetu chini ya fomu, tukaomba tena, akakataa katakata. "Mkipewa nafasi mtaandika riwaya." Na yeye aliyejali saa za watu wote, ya kwake hakuijali kamwe. Harusi ya binti yangu alifika watu wanakunja majamvi, amevaa vizuri, ametulia, akauliza mbona mmewahi kumaliza. Nilimkasirikia mwezi mzima. Alipoona nimenuna alinichapia kadi ya shukrani ya kuwapelekea wageni wangu wote, na ya kwake mwenyewe akaiacha wazi, bila jina, ili niijaze mimi kama nikipenda.

Kinzani kubwa kuliko zote ilikuwa utii. Huyu mwanamke aliyebishana na kila mtu, mkubwa wake wa kazi akishasema "chapa", alichapa. Alibisha mpaka mwisho, kwa sauti ya kusikika getini, lakini amri ikitoka alivaa miwani na kuketi. "Mhazili hachapi mawazo yake," ndivyo alivyofundishwa. Nilimwambia mara nyingi kwamba huo ni utumwa. Alinijibu kwamba ni kazi, na kwamba ndiyo maana ziko herufi.

Hizo herufi lazima nizieleze, maana ndizo zilizotumika kumchinja. Waliosomea uhazili wa zamani walifundishwa kwamba kila karatasi inayotoka ofisini, chini kabisa kushoto, iandikwe herufi za mwanzo za majina ya watu wawili. Kwanza za aliyeamuru, kwa herufi kubwa. Kisha mkwaju, yaani kile kistari cha mshazari. Kisha za aliyechapa, kwa herufi ndogo. Ukiishika karatasi unajua mawazo ni ya nani na vidole ni vya nani. Mhazili aliziweka kwenye barua, kwenye tangazo la kikao, kwenye fomu, hata kwenye karatasi iliyobandikwa mlango wa choo. Vijana walimcheka. Mimi nilizizoea mpaka nikawa sizioni.

Meneja mpya wa kituo alikuja na kompyuta yake ya mkononi na maneno "tunaenda na wakati". Ni kijana, hakutoka huku, na kutotoka huku si dhambi. Hata wazazi wangu walikuja. Dhambi yake ni kwamba hakuuliza kitu. Aliiona fomu ya wazazi akacheka. Akasema makao makuu wanataka saa moja tu, ya tarakimu nne, ya saa ishirini na nne, kisanduku kimoja, kifungwe kisikubali maneno.

Mimi nilikuwepo, nilikwenda kuchukua karatasi za wodi. Mhazili hakuinuka.

"Bwana Meneja," akasema, "watu hapa wanahesabu saa kuanzia jua linapotoka. Mama atasema saa nane usiku. Hicho kisanduku kinataka sifuri mbili. Muuguzi mmoja atageuza, mwenzake hatageuza, na karatasi haitasema nani kageuza."

"Watafundishwa. Dunia nzima inatumia saa ishirini na nne."

"Dunia nzima haiji kujifungua hapa. Wanakuja watu wa Moa."

"Watazoea, mama."

"Watazoea lini? Kabla ya kuzaa au wakishazaa?"

Meneja akasema hilo ni agizo. Mhazili akavaa miwani. Kabla ya jioni fomu mpya ilikuwa tayari, yenye kisanduku kimoja kilichofungwa barabara. Ukiandika neno, mashine inalia na kukuambia hujaandika saa halali. Ukiandika 8, inakubali kwa furaha na kuandika 08:00. Chini kushoto kulikuwa na herufi za Meneja, kubwa, mkwaju, na za Mhazili, ndogo.

Meneja akairudisha. Akasema fomu ni nzuri ila zile herufi zake azifute, hazipendezi kwenye karatasi ya kisasa. Hakusema chochote kuhusu za Mhazili. Nadhani hata hakujua ni za nini. Mhazili akafuta alichoambiwa afute. Zikabaki zake peke yake. Nikamwambia, "Futa na zako, ebo!" Akanitazama kana kwamba nimemwambia aibe. "Nimechapa mimi," akasema. "Nisiandike?"

 Yaliyofuata hayakuhitaji mchawi kuyaona.

Mama mmoja aliletwa kutoka Moa. Walianza na bodaboda, gari likawakuta njiani, wakafika kama saa nne asubuhi. Chupa yake ilipasuka saa nane usiku. Muuguzi wa mapokezi, mtu makini ninayemjua, aliandika "8 usiku". Mashine ikalia. Akajaribu tena, ikalia. Foleni imefika nje, mama anaugua, akaandika 8, mashine ikanyamaza. Ikawa 08:00, yaani saa mbili asubuhi. Na kwa kuwa mama alifika saa nne asubuhi, karatasi ilionekana ya kweli kabisa. Aliyeisoma alidhani chupa imepasuka muda mfupi tu kabla hajafika, wakati ni tangu usiku wa manane. Zamu ikabadilika. Wa alasiri wakaisoma, wakaona muda bado upo, wakasubiri. Mama mwenyewe hakuwa na nguvu za kuwasahihisha. Mimi nilikuwa mapumzikoni siku hiyo. Walipogundua na kumkimbiza hospitali kubwa, walikuwa wamechelewa. Mama alipona. Mtoto wake wa kiume hakupona.

Kikao kikaitwa. Tulikaa kwenye chumba cha mafunzo, wote, mpaka wafagiaji. Meneja alikuwa na karatasi ya kusoma. Akasoma kwamba uchunguzi umebaini fomu iliyotumika haikuwa na maelekezo ya kutosha, na kwamba fomu hiyo iliandaliwa na mhazili wa kituo kama herufi zilizoko chini yake zinavyothibitisha. Akaiinua juu ili tuzione. Alizionyesha kwa kidole.

Nilisimama. Nikasema, "Herufi zako ulizifutisha wewe. Mimi nilikuwepo." Akaniambia nikae, nisivuruge kikao. Sikukaa. Waliobaki walitazama viatu vyao. Watu niliowazalishia wake zao! Mtu niliyempa zamu zangu mama yake alipolazwa! Wakatazama viatu. Nilipata barua ya onyo kwa siku ile, na nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza yangu ya jikoni uliokuwa unayumba. Inafanya kazi nzuri.

Mhazili alinishika mkono nikae. Kisha akamwambia Meneja, bila kupandisha sauti, "Nipe nisaini kwamba nimechapa. Lakini kwanza rudisha herufi zako mahali pake."

"Mama, hapa hatujaja kwenye mambo ya herufi. Kuna mtoto amefariki."

"Ndiyo. Amefariki chini ya herufi zangu. Rudisha zako tukae wote wawili."

Meneja akasema hatabishana. Akampa barua nyingine pale pale, ya kumsimamisha ili kupisha uchunguzi, ambao ulikuwa umeshaisha, maana ndio tumetoka kusomewa. Mhazili akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza kutazama chini kushoto. Hakukuwa na herufi zozote. Alitoka hakurudi. Baadaye walimwita, akakataa. Wakasema unaona, kiburi.

Na hapa ndipo ninapowaambia: ndiyo, kiburi. Mnataka awe na nini? Mtu asiyekuwa nacho angesaini. Angelia, angeomba, angerudishwa kwenye kiti chake, na yule mtoto wa Moa angebaki ni kosa la mchapaji mpaka Kiyama.

Alikwenda Moa. Hilo watu hawalijui na aliniambia bila kukusudia, tukizungumza mambo mengine. Aliitafuta nyumba ya yule mama, akaketi naye, akamwambia yeye ndiye aliyechapa ile karatasi na aliyeamuru ni fulani, kwa jina na cheo. Nikamwuliza yule mama alisemaje. "Aliniuliza kama nimekula," akasema Mhazili. Halafu akageukia mambo mengine na hakulirudia tena.

Nyumbani kwake Nguvumali kukawa na foleni. Kadi za harusi, ratiba za madrasa, fomu za kikundi cha mikopo. Hata kanisa letu lilimpelekea ratiba ya mafundisho ya kipaimara, na mchungaji akarudi amechoka, maana Mhazili alimwuliza maswali kuhusu watoto wanaotoka shambani mpaka akabadilisha vipindi vyote. Nilipita mara kwa mara. Aliniambia funga mlango, Msambaa. Nilimwambia afungue kesi, nitakuwa shahidi. Akasema yeye amestaafu kuchapa mambo ya wakubwa na ameanza kuchapa mambo ya watu. Nilikasirika, nikamwambia hilo si jibu. Akanipa kikombe cha chai ya tangawizi akaendelea na kadi za harusi.

Mwaka huu alikuja kituoni. Nilikuwa sijamwona kwa miezi kadhaa na alikuwa amekonda, anatembea ameshika ukuta. Alimleta binti wa dada yake kutoka Mkwaja, uzazi wa kwanza, chupa imepasuka njiani wakiwa bado gizani. Nitangulie kusema mtoto alizaliwa salama kabla ya magharibi, wa kike, analia vizuri, ili usisome ukiwa na wasiwasi niliokuwa nao mimi.

Yaliyotokea mapokezi nilisimuliwa na binti mwenyewe wa mapokezi, ambaye ni mgeni na hakumjua. Alimwuliza chupa imepasuka saa ngapi. Mhazili akasema saa tisa ya usiku. Binti akaandika.

"Umeandika ngapi, mwanangu?"

"Tisa, bibi."

"Ya usiku. Andika ya usiku."

Binti akajaribu. Mashine ikalia, mlio ule ule. "Haikubali, bibi. Hakuna pa kuandika usiku."

"Basi andika sifuri tatu."

Binti akaandika 03:00. Mhazili akamwuliza, "Sasa mwenzako atakayekupokea zamu, akiisoma hiyo, ataelewa saa ngapi?"

Binti akaitazama. "Saa tatu."

"Ya wakati gani?"

"Ya asubuhi," akasema binti, na anasema hapo ndipo alipoona.

Mhazili hakugomba. Ningependa angegomba. Aliomba kiti, wakampa, akakiweka kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia, akaketi na mkoba wake magotini. Nilipoingia zamu ya alasiri nilimkuta hapo. Nikafurahi, nikamwamkia, "Shikamoo, Mhazili." Akaitikia marahaba. Halafu akasema, "Chupa imepasuka saa tisa ya usiku."

"Mhazili, mimi unanijua."

"Nakujua. Saa tisa ya usiku."

Alimwambia kila aliyepita. Aliwaambia wauguzi wakiingia, akawaambia tena wakitoka. Alimwambia daktari kabla hajafika mlangoni, na daktari alipokwenda kuchukua glavu na kurudi, alimwambia upya. Alimwambia mtu aliyeleta mtungi wa oksijeni. Sauti yake ilikuwa imekauka, nikampelekea maji, akanywa, akanishukuru, akaniambia saa.

Meneja akapita kwenye korido, simu sikioni. Akamwona. Akasimama, na lazima nimpe haki yake, alikata simu.

"Mama. Karibu. Kuna tatizo?"

"Binti yangu yumo humo. Chupa imepasuka saa tisa ya usiku."

"Ndiyo, tunajua, mama. Wameshaandika."

"Hamjui," akasema Mhazili. "Mmeambiwa."

 Nilikuwa nyuma ya Meneja na trei mkononi, na nilitaka aseme kitu, chochote, hata kibaya. Akatazama saa yake ya mkononi, akasema ana kikao, akaenda zake. Mhazili hakumfuata hata kwa macho. Mfagiaji alikuwa anakuja na ndoo kutoka upande wa pili, akasimama, akamwinamia Mhazili kidogo ili amsikie.

"Saa tisa," Mhazili akamwambia. "Ya usiku."